Kuzungushwa Si Kutembea

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembezwa uonyeshwe. Kati ya maneno hayo pana umbali mkubwa kuliko udhaniwavyo. Atembeaye huchagua hatua yake, husimama apendapo, humwuliza amkutaye, na pengine hupotea njia akajifunza kwa kupotea kwake. Atembezwaye huchukuliwa kama kapu: hupakiwa asubuhi, huteremshwa katika vituo vilivyokwisha kuamriwa, na jioni hurejeshwa alikotoka hali amejaa vitu alivyotiwa na wengine. Kisiwa cha Unguja, ambacho urefu wake ni kilomita 85 hivi tangu Ras Nungwi mpaka ncha yake ya kusini, kimepatwa na balaa ya kuwa kidogo kiasi cha kuweza kuzungukwa kwa basi katika siku moja. Kwa sababu chaweza kuzungukwa kwa siku moja, watu wamefanya haraka kuamini kuwa chaweza pia kujulikana kwa siku moja. Imani hiyo ni ya uongo, na uongo huo una madhara.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa historia, mwenyeji wa Tabora, aliyevuka bahari kuja kuhudhuria harusi katika ukoo wake. Harusi ilipokwisha, mpwa wake alimnunulia nafasi katika basi la watalii ili asirudi bara bila ya kukiona kisiwa. Mzee alikataa mara mbili. Alisema kwamba hakupenda kuonyeshwa nchi na mtu mwenye saa mkononi, na kwamba angefurahi zaidi kukaa barazani na kusikiliza wazee wa mtaa. Lakini fedha ilikuwa imekwisha kulipwa, na mpwa wake alisihi: "Mjomba, nenda japo mara moja tu, usije ukaniaibisha." Mtu mzima hakatai heshima anayotendewa na mtoto wake. Alikwenda, lakini alikwenda shingo upande. Na yamkini katika basi lile zima yeye peke yake ndiye aliyefaa kulipanda, maana asiyetaka kuburudishwa ndiye awezaye kutazama.

Neno la kwanza lililosemwa katika kipaza sauti lilikuwa "Jambo". La pili lilikuwa "hakuna matata". Abiria walifundishwa kuyasema kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza, wakacheka, wakapigiwa makofi. Mwalimu hakucheka. Unguja ndiyo iliyoipa Afrika ya Mashariki lugha yake sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake juu ya msingi huo. Mtoto wa Tabora, wa Kisumu na wa Kigoma alipigwa fimbo shuleni kwa kukosea ngeli za lugha ya kisiwa hiki. Leo kisiwa hicho hicho kinamkaribisha mgeni kwa Kiswahili kilichovunjwa makusudi, kisicho "hujambo" wala "shikamoo", kana kwamba mwenye nyumba amevua kanzu yake na kuvaa gunia mlangoni ili mgeni asione haya kwa nguo zake mwenyewe. Hiyo si adabu ya kupokea wageni. Ni kujidharau.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Hapo mtembeza wageni, kijana mwenye sauti nzuri na akili nyepesi, alisimulia habari yake kwa mpango uliokwisha kukaririwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, akasema, utumwa ukakoma, kanisa likajengwa juu ya uwanja wake. Kisha aliwashusha abiria katika vyumba vya chini, vyenye dari fupi na minyororo, akawaambia wainamishe vichwa na wafikiri. Baadhi yao walilia. Walipotoka nje walipiga picha za sanamu za watumwa waliomo shimoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998, halafu wakaitwa garini kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Mwalimu alibaki nyuma. Kijana alimfuata akamwamkia: "Shikamoo, mzee, twende, basi linaondoka." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akamwuliza kwa upole kama ni kweli utumwa ulikoma mwaka 1873. Kijana akatazama chini, akajibu kwa Kiswahili safi kisichokuwa na "matata" ndani yake. Alisema kuwa kilichopigwa marufuku mwaka ule kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza ni biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na masoko yake. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika kisiwa mpaka mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye, na miaka saba baada ya nchi kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Na masuria hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909. Alijua pia kwamba jengo lililo juu ya vile vyumba lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na kuwa wapo wanahistoria wanaotia shaka kama vyumba vile viliwahi kufungiwa mtumwa hata mmoja. "Basi mbona husemi hayo?" akauliza mwalimu. "Mzee," kijana akajibu, "habari ya kweli ni ndefu, na basi lina saa yake."

Katika jibu hilo ugonjwa wote umejulikana. Kijana hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo kwa tabia yake. Alikuwa na habari mbili, moja ya kunong'ona kwa Kiswahili na moja ya kupaza kwa Kiingereza, na aliyoipaza ndiyo iliyokuwa na mshahara. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ziara ya basi imeigeuza methali hiyo ikawa sharti la kazi: njia lazima iwe fupi, kwa hiyo uongo umekuwa hauna budi.

Lakini dhambi kubwa ya ziara hii haikuwa Mkunazini. Ilikuwa katika kituo cha pili, shamba la viungo upande wa Kizimbani, ambako hakuna mtu aliyelia. Huko wageni walinusishwa mdalasini, iliki, kungumanga na pilipili manga. Walipakwa zingefuri midomoni. Walivikwa kofia na tai zilizosukwa kwa makuti. Kijana mmoja aliparamia mnazi huku akiimba, na kila mtu alifurahi. Mkarafuu ulitajwa mara moja: mtembeza wageni alichuma kichala, akaeleza namna karafuu inavyoanikwa, akasema ndio utajiri wa Zanzibar, akapita.

Hapo ndipo historia ya Unguja ilipokatwa vipande viwili kwa kisu kisichotoa damu. Watumwa waliopitishwa Mkunazini hawakuwa wote wa kupakiwa majahazini kwenda mbali. Katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu yao walibaki hapa hapa, na waliobaki walipelekwa mashambani kupanda, kupalilia na kuchuma karafuu. Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja na akafariki mwaka 1856, aliujenga utajiri wa kisiwa juu ya mti huo, na mti huo ulisimama juu ya migongo ya watu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilibidi mashamba yapandwe upya, na mikono ya kupanda ilikuwa ile ile. Soko lilikuwa mlango tu. Nyumba yenyewe ilikuwa shamba. Anayetaka kuonyesha mahali pa utumwa katika kisiwa hiki, na asimame chini ya mkarafuu. Lakini ziara ya basi imempa mgeni saa ya kulia na saa ya kucheka, na ikajenga ukuta kati yao, ili machozi ya asubuhi yasiharibu kofia ya kuti ya adhuhuri.

Ukuta huo haukujengwa kwa sababu elimu haipo. Mwaka 1987 mwanahistoria wa Zanzibar, Abdul Sheriff, alitoa kitabu kilichoweka watumwa, viungo na pembe za ndovu pamoja katika jina lake, akaonyesha kuwa mambo hayo matatu yalikuwa jambo moja, na kwamba jambo hilo moja lilifungamana na biashara ya dunia. Pembe zilizopita Unyanyembe zilikwenda kuwa vitana, vibao vya piano na mipira ya biliadi katika nchi za mbali. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kitambaa kilicholetwa na merikebu zake kiliingia bara kwa wingi hata jina la nchi likawa jina la nguo: mpaka leo mtu husema marekani kwa maana ya kitambaa. Mgeni atokaye Marekani aliyesimama Mkunazini akasikitikia ukatili wa watu wengine angepaswa kuambiwa neno hilo. Lingemfaa zaidi ya machozi.

Naye mwalimu wa Tabora alikuwa na haki yake ya kuambiwa kitu. Njia kuu ya misafara ilitoka kwao. Katika njia hiyo walipita waliofungwa minyororo, na pia walipita wapagazi wa Kinyamwezi waliojikodisha kwa ujira, watu huru waliojivunia mizigo yao na nyimbo zao. Ziara haikuwa na nafasi kwa wapagazi hao, kwa kuwa mtu mweusi katika hadithi fupi huruhusiwa kuwa mtumwa tu. Mzee alikaa karibu na dirisha la basi, hali kofia ya kuti i mapajani mwake, na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Alikuwa shahidi katika kesi ya ukoo wake, na amewekwa kando pamoja na watazamaji.

Vitu vingine vilikatwa upesi zaidi. Basi lilipita mbele ya majumba marefu ya Michenzani, na mtembeza wageni akasema kuwa ni nyumba za kukaa watu. Hakutaja serikali iliyoyajenga wala Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliyoizaa serikali hiyo, wala hasara na matumaini ya siku zile, ambayo wazee waliobaki bado wanayahadithia kwa namna mbili zisizopatana. Kusini, huko Kizimkazi, umo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ushahidi usio na mfano wa ukale wa Uislamu katika mwambao huu. Magari ya watalii huupita yakiwahi pomboo. Pwani ya mashariki abiria walisimamishwa watazame wanawake waliokuwa wakilima mwani majini, kazi iliyoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Walipigwa picha wakiwa wameinama. Hawakuamkiwa. Hakuna aliyeambiwa kwamba mwani ule uliwapatia wanawake wengi fedha ya mikononi mwao wenyewe, wala kwamba joto la bahari linazidi kuua ile aina yenye bei nzuri. Mtu aliyeinama akifanya kazi yake amegeuzwa kuwa sehemu ya mandhari, kama mnazi.

Watetezi wa ziara hizi wana hoja tatu, na inafaa zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba ziara huleta riziki. Hoja hii ni ya kweli, wala hapana mwenye haki ya kumcheka mtembeza wageni anayelisha wazazi wake kwa kipaza sauti. Lakini riziki haihitaji uongo. Mvuvi huuza samaki, hauzi mawe aliyoyapaka magamba. Kama ukweli wa Mkunazini na Kizimbani ungekuwa bidhaa mbaya, ingefaa ijaribiwe kwanza sokoni ndipo ihukumiwe, nayo haijajaribiwa. Wauzaji wamekata shauri mapema kuwa mgeni ni mtoto, na wakamlisha uji.

Hoja ya pili ni kwamba mgeni ana siku moja tu. Ni kweli pia, lakini hoja hii yawageukia wenyewe. Mwenye siku moja ndiye anayestahili zaidi kuambiwa neno la kweli, kwa sababu hatarudi kulisahihisha alilolisikia. Akidanganywa leo, ataufikisha uongo huo kwao, ataufundisha kwa wanawe, na baada ya miaka utarudi Unguja katika vitabu na picha kama habari iliyothibitika. Hivyo ndivyo kisiwa cha Changuu kilivyopata jina la Kisiwa cha Gereza kwa wageni. Gereza lilijengwa huko mwaka 1893, lakini wafungwa hawakuwekwa ndani yake. Mahali pale palikuja kutumika kama karantini ya wagonjwa. Jina limeshinda ukweli, na sasa wenyeji wenyewe hulitumia kuuza tikiti.

Hoja ya tatu ni kwamba furaha si kosa, na kwamba msafiri aliyechoka kwa kazi ya mwaka mzima hapaswi kubebeshwa huzuni za watu wengine. Hapana aliyesema furaha ni kosa. Pwani ya Unguja ni nzuri, na bahari yake haikuumbwa kwa ajili ya kufundishia. Anayetaka kuogelea na aogelee. Lakini aliyeuza historia ameuza historia. Hawezi kuchukua bei ya elimu akatoa mchezo, kisha akajitetea kuwa mnunuzi alicheka.

Zikisha kujibiwa hoja hizo, linabaki swali la nani mwenye lawama. Ni rahisi kumtwisha mtembeza wageni, maana yeye ndiye aonekanaye. Lakini kijana yule alijua ukweli na aliunong'ona. Lawama iwaendee wale waliokwisha kulipwa mishahara kwa ajili ya kujua, wakajua, na wasitie elimu yao mahali kijana anapoweza kuisimamia. Wengi wa waliochunguza habari za karafuu na utumwa wameandika kwa Kiingereza, wakajibizana wenyewe kwa wenyewe, na kazi yao ikakaa katika maktaba. Basi la watalii hupita nje ya maktaba hizo. Msomi aliye ndani huisikia sauti ya kipaza sauti, akatabasamu kwa dharau, akarudi kwenye karatasi yake. Tabasamu hilo ni kosa kubwa kuliko kosa la mtembeza wageni, kwa kuwa mmoja amekosa kwa kutafuta chakula na mwingine amekosa kwa kushiba.

Yatakiwayo si mengi. Habari ya karafuu na habari ya mtumwa zisimuliwe mahali pamoja, chini ya mti wenyewe, na kofia ya kuti ingoje. Vituo vipunguzwe, maana vituo viwili vilivyoelezwa ni bora kuliko vinane vilivyotajwa. Mgeni afundishwe salamu ile ile ambayo mwenyeji humpa babu yake. Mwanamke wa mwani aamkiwe kabla ya kupigwa picha, na akikataa, kamera irudi mfukoni. Na vyuo vikuu, ambavyo kila mwaka huwataka wanafunzi waandike insha zisizosomwa na mtu ila mwalimu mmoja, viwatake baadhi yao waandike kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache chache, habari iliyopimwa ya Mkunazini, ya Kizimbani, ya Michenzani na ya Kizimkazi, na waitoe mkononi mwa watembeza wageni bila ya malipo. Kijana aliyeshika karatasi yenye ushahidi huwa na ujasiri ambao kijana aliyeshika uvumi hana.

Basi liliporudi mjini jioni lilipita Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Abiria walikuwa wamesinzia. Nyumbani mpwa alimpokea mjomba wake kwa furaha, akaiona kofia ya kuti, akauliza: "Umeonaje kisiwa chetu, mjomba?" Mzee akajibu: "Nimezungushwa, mwanangu. Kutembea bado."

Kesho yake alipanda daladala peke yake kurudi Kizimbani. Alimkuta mkulima mmoja wa makamo akianika karafuu juu ya jamvi. Walisalimiana kwa urefu, kama watu wasio na saa. Kisha mwalimu akauliza mikarafuu ile ilipandwa na nani. Mkulima akasogea, akampisha nafasi kwenye jamvi, akaanza na babu wa babu yake, ambaye jina lake la kwanza, kabla ya kupewa jina jingine, hakuna aliyelikumbuka. Mazungumzo hayo yaliendelea mpaka alasiri. Hakukuwa na kipaza sauti, na hakuna kilichouzwa.